Diski ya Plau Haifai, Nai

Mjukuu wangu Nai,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Usa River hatujambo. Bibi yako amevuna maharage, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Ila tangu nisome kwamba huko kwenye mafunzo ya askari wanyamapori mnataka kutundika diski ya plau mjifunzie shabaha, usingizi umeniruka. Umeuliza kama inafaa. Haifai!

Nilipokuwa askari wa pori, kijana kama wewe, mkubwa wetu aliichagua hiyo hiyo kwa sababu inalia vizuri ikipigwa. Lakini diski imebonyea katikati kama bakuli. Risasi ilipoigonga ikavunjika, vipande vya risasi vikaturudia. Mwenzangu Lomayani hata bunduki hakuwa nayo. Alisimama nyuma yetu akicheka. Yaliyofuata siyaandiki. Alipona, ila jicho moja halikuona tena.

Basi tafuteni bamba la chuma kigumu kilichotengenezwa kwa ajili ya shabaha, bapa, lisilo na shimo wala kovu. Mlitundike kwa minyororo, uso uinamie chini kidogo ili vipande viishie mchangani. Simameni mbali. Na miwani ya kinga avae kila mtu, hata anayetazama tu. Huyo hasa.

Diski ile ndiyo kengele ya kanisa letu hadi leo, na Lomayani ndiye anayeigonga. Kila Jumapili ikilia, wenzangu wanachukua vitabu vya nyimbo. Mimi mkono unakwenda machoni.

Nipigie simu kabla hamjaenda uwanjani.

Babu yako