Majina Ishirini na Matatu

Jumapili, 15 Februari 2009. Theluji imeyeyuka, imebaki ile michafu pembezoni mwa barabara, nyeusi kama masizi. Nimeshinda ndani. Simu nimeizima.

“Nilisema hakuna Myahudi hata mmoja wa mji huu atakayethubutu kuikosoa Israeli. Bi Zuhura akatuletea majina ishirini na matatu. Haya, leo yako wapi? Wameyafuta wenyewe. Wote ni sauti moja. Nilisema kweli.”

Hayo kayaandika Bwana Masoud jana kwenye kundi letu la barua pepe, sisi wahamiaji wa mji huu, na hadi asubuhi hii watu tisa wamempongeza. Bi Zuhura ni mimi. Masoud ana duka la vitambaa na ana ulimi. Miaka minne tunapambana, yeye na mimi, na mnaosoma blogu hii mnajua kuwa sijawahi kumwachia neno la mwisho.

Simwachii na leo. Umesema uongo, Masoud. Majina yale hayakufutwa kwa kuwa Wayahudi wote ni sauti moja. Yalifutwa kwa sababu yangu mimi.

Ninafanya kazi ya kupanga kurasa katika duka la kuchapisha kule Nechells, hapa Birmingham, nyuma ya maghala. Mwezi uliopita, wakati kila jioni televisheni ilikuwa ikituonyesha Gaza inavyopigwa, aliingia mama mmoja wa miaka sabini na kitu, koti la kijani, jalada la karatasi kwapani. Nitamwita Hannah. Jina lake la kweli mmeshaliona, na hapo ndipo penye kosa langu. Anaishi Edgbaston, alikuwa mkunga, amezalisha nusu ya mji huu. Aliniita “bab” kabla hata ya kunijua jina, kama wanavyoita watu wazima wa hapa kila mtu wanayempenda na hata wasiyempenda.

Alitaka nimpangie barua. Ilianza hivi: sisi ni Wayahudi wa Birmingham, tunaipenda Israeli, wengi wetu tuna watoto na ndugu kule. Halafu ikasema kwamba kukalia ardhi ya Wapalestina kwa mabavu kukome, walowezi waondoke, ziwe nchi mbili, Jerusalem iwe ya wote wawili, na maroketi yanayorushwa juu ya miji ya Israeli yakome pia. Barua haikuwa na matusi wala mapambo.

Nilidhani nitaipanga siku moja. Ilirudi mara tano.

Mara ya kwanza mwalimu mmoja alitaka neno “mabavu” litoke, mwingine akaapa kwamba likitoka naye atatoka. Mara ya pili kijana mmoja mwanasheria alisema nchi mbili ni ndoto iliyokwishapita, watu wale waishi katika nchi moja kwa haki sawa, na wenzake watatu wakamwambia kuwa huko ni kuivunja Israeli kwa maneno matamu. Kulikuwa na mama aliyetaka iandikwe wazi kwamba lazima kuzungumza na Hamas, maana amani hufanywa na adui, rafiki hahitaji mkataba. Na kulikuwa na kaka yake Hannah mwenyewe, aliyekataa katakata kutia saini. Hannah alinieleza hoja yake huku akitafuna biskuti zangu: mimi nalala Edgbaston, roketi hainifikii, mjukuu wangu hayuko jeshini, nani kanipa haki ya kuwaamulia wanaolala na viatu miguuni, tayari kukimbia? Wanaongea kila siku, kaka na dada hao, na kila siku wanagombana, na kila Ijumaa wanakula meza moja.

Nilikaa pale na penseli yangu nikiona wivu. Ndiyo, wivu. Sisi wa kundi letu tulipoombwa kutia saini barua dhidi ya watu wetu wenyewe, waliowatesa wenzetu kule nyumbani, wangapi walijitokeza? Masoud alisema mkono unamuuma, hawezi kushika kalamu.

Hannah aliniomba jambo moja tu. Barua isitoke dukani mpaka wao waisome kwanza katika ukumbi wa sinagogi lao, Jumapili ile ya tarehe nane. Waliotia saini watasimama, kila mmoja ataje jina lake mbele ya jirani zake, wabishane, walie kama ni kulia. Baada ya hapo ndipo iende kwenye magazeti. Alisema hata wasiokubali watakuwa wameambiwa na mtu wanayemjua, usoni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Niliahidi kwa kinywa changu.

Alhamisi ya tarehe tano Masoud aliandika kundini: nitajieni Myahudi mmoja, mmoja tu, wa mji huu aliyefungua mdomo. Damu ikanipanda. Mnanijua. Mbele yangu, kwenye kioo cha kompyuta, palikuwa na jibu ambalo hana pa kulikimbilia. Sikufikiri hata dakika mbili. Nilinakili barua nzima na majina yote, nikaandika juu yake: “Mmoja? Chukua hawa ishirini na watatu.” Nikatuma. Nikaiweka na kwenye blogu hii. Kisha nikajipikia chai ya tangawizi, nikainywa kama mshindi.

Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi leo.

Ijumaa vijana wa chuo walikuwa wameshaichukua kwenye blogu na kuipa kichwa: hata Wayahudi wenyewe wanakiri. Wakaibandika kwenye mbao za matangazo, na bango moja likabebwa kwenye maandamano, majina yakiwa yameandikwa kwa rangi nyekundu kama ya watu wanaotafutwa. Hadi Jumamosi usiku kila mtu katika jumuiya yao alikuwa ameyaona. Hawakuyapata kwa mwalimu wao, wala kwa mkunga aliyewazalishia watoto. Waliyapata mikononi mwa watu waliokuwa wakipiga kelele barabarani, na baadhi ya kelele zile, tusidanganyane, hazikuwa za kuitetea Palestina. Zilikuwa za kumchukia Myahudi kwa kuwa ni Myahudi. Nimezisikia kwa masikio yangu na nikaendelea kutembea.

Mkutano wa ukumbini haukufanyika.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wao walikuwa wakigombana kwa uchungu, kama watu wa nyumba moja wanavyogombana, na kunguru aliyetua katikati akadonoa ni mimi.

Jumatano Hannah alikuja dukani. Hakuniita bab. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, koti likiwa limefungwa hadi shingoni, akaomba nakala ya mwisho na kalamu. Akaanza kufuta. Alifuta taratibu, kwa rula, na kila jina alinieleza kwa sauti ya chini, kama anayesoma orodha ya marehemu. Huyu binti yake ameacha kumpigia simu kutoka Haifa. Huyu amepokea barua isiyo na jina. Yule kijana mwanasheria, yule mkali kuliko wote, mama yake mgonjwa amemsihi. Mwalimu aliyekataa neno “mabavu” na aliyelitaka, wote wawili wametoka siku moja, na hilo, alisema, ndilo jambo la kwanza waliloafikiana tangu awafahamu. Alitaka kucheka. Hakuweza.

Likabaki jina lake peke yake.

Nikamwambia ni mimi. Sikumwambia kwa ushujaa. Nilimwambia kwa kuwa alikuwa akiiangalia kompyuta yangu na nilijua kwamba anajua. Nilisema nilikuwa ninamjibu mtu aliyewatukana, kwamba nilitaka kuwatetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Miaka arobaini ya kungojea wanawake wamalize kupiga kelele imemfundisha kusikiliza.

“Nilitaka watu wangu wanisikie mimi,” alisema. “Sasa wakiisoma, wanakusikia wewe.”

Mimi, Zuhura, nikaizima kompyuta.

Nikamuuliza kama tunaweza kuichapa hivyo hivyo, na jina lake moja. Akavuta mstari juu yake pia, akanirudishia rula.

“Kaka yangu alinishika mkono jana,” alisema alipokuwa akisimama. “Alikuwa hataki barua yangu, lakini alikuwa tayari kukaa mstari wa mbele asikilize ninavyoisoma. Alikuwa ameshapiga pasi shati.”

Hilo shati halinitoki kichwani. Mzee asiyekubaliana na dada yake hata neno moja, amepiga pasi shati la kwenda kumsikiliza. Mimi nimemsoma Masoud miaka minne, na sikumbuki siku hata moja niliyomsikiliza. Wala yeye mimi. Na tunajiita wapiganaji wa haki.

Ijumaa, habari ya majina kufutwa ikiwa imeshaenea mjini, nilimwambia bosi wangu nilichofanya. Hajanijibu. Akinifukuza atakuwa sawa.

Hivyo, Masoud, hoja yako imeanguka, na safari hii sikuiangusha kwa raha. Watu wale walikuwepo. Walitofautiana kuhusu mipaka, kuhusu Jerusalem, kuhusu nani wa kuzungumza naye, na bado walikuwa tayari kusimama mbele ya jirani zao na kusema basi, imetosha. Sisi ndio tuliowanyang'anya kinywa. Gaza haikupata hata tofali moja kutokana na ushindi wangu.

Sasa nasema na ninyi, na mnajijua. Wewe Masoud. Ninyi tisa mliompongeza. Ninyi vijana wa chuo mlioandika kwa rangi nyekundu. Mimi nimekwisha kuyaondoa majina yale kwenye blogu hii. Yaondoeni kwenu. Futeni barua pepe yangu ya tarehe tano, na kila mliyemtumia, mtumieni tena mumwambie afute. Mabango yabandueni leo, kabla watu hawajaingia madarasani kesho. Mkitaka kuitetea Palestina, kila mtu aitetee kwa jina lake mwenyewe.

Na mkishamaliza, niandikieni hapa chini, hadharani, kila mmoja kwa jina lake kamili: nimefuta.