Katana Wote Wawili

Nairobi, Jumatano

Kwa mama mdogo Kadzo,

Shikamoo mama. Sikuulizi u hali gani, maana najua. Mimi mwili ni mzima, lakini barua ya baba ilinifikia juzi, na tangu hapo naisoma na kuirudia. Katana wako azikwe nami sipo! Mtoto niliyembeba mgongoni likizo nzima, akinivuta nywele.

Nakuandikia wewe mwenyewe kwa herufi kubwa, kwa kuwa kisomo cha watu wazima, gumbaru, kimekufungua macho, nami sitaki mtu akusomee haya.

Baba ameeleza jinsi surua ilivyoingia Matsangoni wiki chache baada ya watu wa chanjo kupita. Siku ile pale shuleni jina liliitwa mara moja tu, mamangu akainuka na Katana wake. Ulipofika wewe, muuguzi akakwambia, "Katana Charo ashadungwa, mama. Dawa imeletwa kwa hesabu ya majina." Ukamjibu, "Huyo ni wa mke mwenzangu. Huyu ni wangu mie." Hakukusikia. Sasa hamsemeshani na mamangu. Wasema kikulacho ki nguoni mwako, kwamba yeye ndiye aliyemfutisha mwanao katika orodha ya chanjo kwa kijicho.

Mama, mamangu hana kosa. Nilimfuta mimi.

Orodha ile ilitoka hapa ofisini. Shirika letu la hisani limepewa kompyuta ya kuwekea majina, nami ndiye ninayeichapia, kwa vile nilisomea taipu. Kadi za watoto wa pwani nzima nimeziingiza mimi. Mkubwa wetu akasema majina yanajirudia, dawa itapotea bure, niyaondoe. Mashine ikanionyesha: Katana Charo, Katana Charo. Kijiji kimoja, baba mmoja, umri mmoja. Nikafuta mmoja. Mimi Dama, niliyezaliwa katika mji wetu ambamo kila mke humpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la babu! Mtu wa bara angefanya hivyo ningemcheka. Lakini majina yalikuwa mengi, nami nilikuwa nimeacha kuyasoma kama watu. Tena nilikuwa nikisifiwa kwa wepesi wa vidole, na nilifurahi. Sitakuficha hilo.

Jana nilimwambia mkubwa. Akasema ni kosa la mashine. Mashine haikuzaliwa Matsangoni. Nikamng'ang'ania mpaka akakubali tuongeze nafasi ya jina la mama katika kila kadi, kama tunavyowaita nyumbani, Katana wa Kadzo na Katana wa Sidi. Nimeanza kuzirudia zote moja moja. Wako nimemrudisha wa kwanza. Pa mama nimeandika Kadzo. Pa chanjo nimepaacha wazi.

Ukiniapiza nitapokea. Ila chukua barua hii umpelekee mamangu, muisome pamoja, mrudi kupika chungu kimoja. Nitakuja Pasaka, ikiwa utaniruhusu kuingia nyumbani mwako.

Mpe baba shikamoo yangu, na hawe, mamake baba, mwambie dawa yake ya miguu nimeipata. Msalimie na shangazi wa Mtwapa akija matangani. Siku zote nilimalizia kwa kusema, nisalimieni Katana wote wawili.

Nisalimie Katana.

Ni mimi uliyenilea,
Dama