Godoro Juani

Bweni la Wasichana,
Chumba cha Mwisho, Orofa ya Juu,
Tarehe 29 Novemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na kifua kile kinachokusumbua baridi ikianza? Vipi Baba Mdogo na wale mapacha wasiotaka kuoga? Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo ndio unaochechemea, lakini nao unakwenda.

Chuo kinakaribia kufungwa na kila mtu amekuwa mwema ghafla. Mama wa kantini anajaza chai mpaka inamwagika kwenye kisahani, na ukimwambia inatosha anajifanya kiziwi. Mkutubi, yule asiyecheka bila kibali, ameturuhusu kuvua viatu chini ya meza. Hata maji ya moto bafuni hayagombaniwi tena, maana wengi wamemaliza mitihani wakaondoka. Jana nimeoga mpaka vidole vikakunjamana.

Mwenzangu wa chumbani, tunamwita Kengele kwa kicheko chake, alifunga sanduku mapema mno, sasa kila asubuhi analifungua upya kutafuta mswaki. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikashika simu nimsimulie mama. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina lake. Mama Mdogo, miezi yote hii tangu tulipomzika, na mkono wangu bado haujapata habari.

Ndiyo maana raha hizi ndogo zinaniumiza. Hakuna iliyokuwa imekamilika mpaka mama aisikie, aulize kama nimekula, kisha anitanie.

Wiki iliyopita nilianza kukuandikia barua nyingine. Nilitaka unisemee kwa baba kwamba likizo hii nabaki bwenini. Niliiogopa ile nyumba. Unaikumbuka desturi ya dada yako: siku moja kabla sijafika, alikuwa akitoa godoro langu akalianika juu ya ukuta wa uani, likapigwa jua kutwa, na mtaa mzima ukajua mtoto wake anakuja. Nilijiambia sitaweza kukata ile kona nikakuta ukuta mtupu. Baba naye, unamjua shemeji yako, seremala wa maneno machache. Tungekaa sebuleni kama wageni wanaomsubiri mwenyeji. Kwenye simu huniuliza habari za mvua tu. Hakuwa ameniuliza nakuja lini, nami nikashukuru.

Barua ile ikakaa chini ya mto. Juzi mama fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akanipigia nikiwa kantini, kunikaribisha nyumbani. Nikamwambia ukweli, siji. Akaniambia godoro langu liko nje.

Tena si siku hiyo tu. Tangu mwezi ulipoanza baba hulitoa asubuhi kabla ya kwenda karakana, na jioni hulirudisha ndani, na mgongo wake ule. Siku moja mvua ilitaka kumwahi, akaja mbio kutoka kazini, randa ingali mkononi. Mama fundi akamwuliza kama mtoto anafika kesho.

"Siku alikuwa akiijua mama yake," baba akamjibu. "Mimi siijui, kwa hiyo nalitoa kila siku."

Nililia palepale kantini, mbele za watu. Mama wa kantini akaniongezea chai bila kuniuliza kitu.

Basi ile barua nimeichana, huna tena la kunisemea. Nimempigia baba nikamwambia nitafika Jumamosi. Akasema, "Haya," akaniuliza kama huku kunanyesha. Naogopa bado, sikufichi. Lakini nitawahi kufika kabla jua halijazama, ili nishike upande mmoja wa godoro, naye ashike wa pili, tuliingize ndani.

Nisalimie sana Baba Mdogo, na mapacha uwaambie nawapenda hata na uchafu wao. Mungu akupe pumzi nyepesi na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Na ukimpigia baba, nakuomba, usimwambie kwamba siku moja ingetosha.

Ni mimi mtoto wa dada yako,
nikupendaye kama yeye alivyokupenda,
Mdadisi.