Chumba cha Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Kituo cha afya, Mugoma. Wagonjwa watatu kabla ya chai. Kisha Mama Editha, kikao cha tatu cha ushauri nasaha. Alizika mtoto mchanga kabla ya Krismasi. Hakuwa amepewa jina, kwa hiyo hakukaliwa matanga, na nyumbani hatajwi. Leo tena amelia, zaidi ya wiki zilizopita. Mlango nilifunga, pazia nikashusha, kama tulivyofundishwa. Nimejaza fomu ya saa za vitendo. Bila saa hizo hakuna shahada ya uzamili.

Alhamisi, 6 Machi
Msimamizi kaja kutoka chuoni. Kakagua chumba dakika tano. Faragha: bora sana. Nilifurahi kama mjinga.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Editha hajaja. Nimetazama kiti kitupu saa nzima.

Jumatano, 12 Machi
Nesi Leokadia kaniambia huku anakunja bandeji. Chumba changu, kile cha mwisho, ndicho walichokuwa wakitolea majibu ya virusi vya UKIMWI. Mugoma nzima inajua. Ukiingia, mlango ukafungwa, ukatoka unafuta macho, watu wameshaelewa. Waliokaa kwenye benchi walimwona Jumatatu tatu. Mume kamrudisha kwao Bugarama. Editha, miaka mitatu, kabaki kwa baba.
Nesi alijua tangu siku ya kwanza. Alidhani sisi wa saikolojia tuna sababu zetu. Nimemchukia mchana kutwa. Halafu nikakumbuka sikuwahi kumuuliza chochote.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemfuata mume shambani. Nimemwambia mkewe hana ugonjwa huo. Akaegemea jembe.
"Sasa huko ndani alikuwa analia nini?"
Jibu ninalo. Analilia mtoto ambaye mwanaume huyu alimchimbia kaburi kwa mikono yake. Nikasema siruhusiwi kueleza. Nikayasikia maneno yangu na kujua nimeharibu kila kitu. Akanishukuru kwa adabu, akarudi kupalilia.

Jumamosi, 15 Machi
Nimempigia msimamizi. Kasema nimefanya sahihi, siri ni siri. Niandike kwenye ripoti, sehemu ya changamoto. Nilitaka kumtukana. Nikasema asante, Dokta.

Jumanne, 18 Machi
Bugarama. Mama Editha yuko uani kwa mama yake, anachambua maharage. Nikamwamkia bibi yake Editha, shikamoo, akaitikia marahaba na kuniwekea ungo mapajani. Tukachambua. Wapita njia wakasalimia. Nikaomba msamaha. Mama Editha akatoa jiwe, akalitupa.
Baadaye sana: "Editha analala na nani?"
Nikasema sijui.
Akalia palepale, mbele ya watu, mikono inaendelea kutoa mawe. Hakuna aliyemshangaa. Bibi alisogeza kigoda karibu naye, basi. Nilikaa mpaka ungo ukaisha.
Nimerudi, nimetoa fomu ya saa. Inataka namba ya chumba. Nimepaacha wazi.