Bi Guli Anamngoja Nani?

Ibra, Jumanne, katikati ya Novemba.

Leo asubuhi kumeingia ubaridi wa kwanza. Nimezima eisii, nimefungua madirisha yote, na nyumba imenyamaza kimya nisichokizowea. Macho yamenivimba. Nimelia sana leo, na sina hakika kama nimemaliza.

Naandika haraka ili nisipoteze mpangilio wa mambo yalivyokuwa. Katika nyumba hii kusahau kumeshachukua vya kutosha.

Mama yangu anaitwa Guliko. Mtaani wanamwita Bi Guli. Kwao ni Jojia, upande wa Ajara, kijiji cha milimani juu ya mji wa Khulo, ambako watu ni Waislamu tangu enzi za Waturuki. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa kijana wa Unguja, asili yake Oman, aliyekwenda Tbilisi kusomea uhandisi wa maji. Mambo ya Unguja yakachafuka yeye yuko masomoni, nyumbani hapakurudika. Oman ilipoanza kuwaita watu wake akaja huku Ibra, na mke wake mweupe, nywele rangi ya shaba, mkononi sanduku moja.

Bibi yetu, mamake Baba, alikuwa hajui lugha ila Kiswahili. Basi Mama akajifunza Kiswahili, tena kwa kukuna nazi na kuchambua mchele, si kwa kitabu. Akakisema Kiswahili cha mjini Unguja vizuri kuliko sisi wanawe, isipokuwa kila herufi ya kooni aliitoa kwa nguvu. Qaf yake iliwashinda hata Waarabu wa hapa.

Mtu akimwita Mrusi alikuwa akiacha alilonalo mkononi. "Mie si Mrusi. Warusi wana kwao, na mie nina kwetu."

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza miaka mitatu nyuma. Kwanza ukachukua Kiarabu. Wageni wakija akawa anatabasamu tu na kujaza vikombe vya kahawa ambavyo tayari vimejaa. Halafu, kuanzia Ramadhani iliyopita, ukaingia kwenye Kiswahili. Siku moja nilimwambia, "Mama, uji tayari," akanitazama kwa adabu, kama mtu aliyesemeshwa na mgeni njiani.

Ikabaki lugha ambayo hapana mtu ndani ya nyumba anayeijua.

Hapa inanibidi niseme kweli. Alitaka kutufundisha. Mimi na mdogo wangu Nasser tulipokuwa wadogo alikuwa akitusemesha lugha yake wakati wa kutukosha. Bibi hakupenda. "Utawachanganya ulimi watoto, Guli." Lakini aliyeimaliza kabisa si Bibi. Ni mimi. Nilikuwa na miaka saba, Mama akaja kunichukua skuli, akaniita kwa mbali kwa maneno yake, na wasichana wakacheka. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Mama, usiseme vile mbele za watu."

Hakusema tena. Wala hakunikasirikia. Alinipa chakula changu kama kawaida.

Na kuna jengine. Siku hizi kiangazi kikiingia nusu ya Ibra iko Jojia. Watoto wa hapa wanaijua Batumi, mji wa pwani wa huko, kuliko Salala ya hapa Oman. Majira ya joto ya mwaka juzi na mimi nilikwenda, na walimu wenzangu wa zamani wa skuli ya Al Qabil, wiki nzima. Mama alikuwa bado anazungumza wakati ule. Sikumchukua. Nilisema magoti yake, nilisema pasipoti yake imekwisha. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimechoka naye na nilitaka kupumzika.

Nilikwenda kupumzika, mbali na mama yangu, kwenye nchi ya mama yangu.

Batumi mvua ilikuwa hainyamazi. Dereva akatuambia Khulo ni saa mbili tatu kwa kupanda, tukitaka atatufikisha. Wenzangu walitaka kupanda magari ya kamba yapitayo angani na kwenda madukani. Nikasema inshallah safari nyengine. Nilimletea zile kokwa za jozi zilizotungwa uzini na kuchovywa kwenye juisi nzito ya zabibu. Akazishika, akazinusa, hakuzila. Aliuliza neno moja tu: "Ulifika juu?"

"Mvua ilikuwa nyingi, Mama."

"Mvua ya kwetu haimzuii mtu," akasema, akaenda zake jikoni.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Tangu Ramadhani, kila siku baada ya sala ya alasiri, Mama hujitanda ushungi wake vizuri, hutoka, hukaa kwenye kibaraza cha mbele na kutazama geti. Akiniona huniuliza: "Mama movida?" Hilo "mama" nililisikia. Nani asingelisikia? Nikasema masikini, anamtafuta mamake. Nikakaa karibu yake, nikamshika mkono, na kwa Kiswahili cha polepole, kwa ishara, nikamweleza kuwa mamake ameshafariki. Nilikuwa nikilaza kichwa juu ya viganja vyangu na kufumba macho, ili afahamu. Nilidhani ukweli ni heshima.

Alifahamu. Alikuwa akilia kila mara kama habari mpya. Kesho yake akiuliza tena, nami nikimwambia tena. Miezi minane.

Mwalimu mwenzangu mmoja ndiye aliyenambia kwamba kwenye kambi ya watalii huko mchangani Bidiyah kuna binti wa Kijojia anayepokea wageni. Anaitwa Eka, ana miaka thelathini hivi, kwao Kutaisi. Nikampigia, tukasemezana kwa Kiingereza changu cha skuli. Nilimwomba saa moja tu ya siku yake ya mapumziko.

Amefika leo saa nne asubuhi. Amevua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Mama alikuwa amekaa kwenye msala wake, hasali, anapapasa nyuzi za pembeni. Eka akapiga magoti mbele yake, akamwamkia kwa Kijojia.

Sijui niandikeje uso wa Mama. Alimshika yule binti kifundo cha mkono, akamvuta, na maneno yakatoka. Hakupumua. Miezi minane nilikuwa nikisikia neno mojamoja na vilio, na kumbe ndani mlikuwa na mtu mzima aliyekamilika, anasimulia, anauliza, anafanya mzaha! Eka alicheka mara mbili. Halafu akawa anajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Anasema kama bibi yangu," akanambia. "Maneno mengine sisi hatuyasemi tena, nimeyasikia kwa wazee tu."

Nikakumbuka jamaa zetu wakija kutoka Unguja wanavyotucheka, eti tunasema Kiswahili cha marehemu.

Nikamwambia Eka, "Kila siku ananiuliza habari za mamake. Hebu mweleze vizuri, kwa lugha yake, kwamba mamake alifariki zamani. Pengine kwangu hafahamu."

Eka akanitazama. "Anauliza vipi?"

"Mama movida."

Ni binti mpole, nilimwona anatafuta njia ya kulisema. "Kwetu," akasema, "mama ni 'deda.' 'Mama' ni baba. Anauliza, baba amekuja?"

Baba.

Nilinyanyuka nikaenda jikoni, nikajifanya natia kahawa. Nimesimama mbele ya sinki sijui muda gani. Miezi minane mtu ananiuliza kama babake amefika, na mimi namjibu kwa kulaza kichwa na kufumba macho. Kila alasiri nimekuwa nikimuua baba yake.

Niliporudi Eka alikuwa ameshamwuliza zaidi. Na hii ndiyo hadithi, kama alivyonifasiria, kipande kwa kipande.

Siku Mama alipoondoka kijijini, basi la kwenda chini lilikuwa linapita alasiri. Babake alikuwa na mizinga ya nyuki, magogo yaliyotobolewa ndani, yametundikwa juu ya miti mirefu ili dubu wasiyafikie. Asubuhi ile alimwambia, "Napanda kwenye mizinga mara moja, nitarudi kabla ya basi." Mama akakaa kwenye ubao nje ya nyumba, na sanduku lake, na Baba yetu kando yake amevaa koti la kuazima. Ukungu ukateremka. Basi likaja. Dereva akangoja mpaka abiria wakagomba.

Babake hakushuka.

Sisi tuliambiwa maisha yetu yote kwamba babu wa Jojia alimpa Mama radhi yake na kumsindikiza mpaka njia kuu. Mama mwenyewe ndiye aliyetwambia. Habari ya kifo cha mzee ilimfikia hapa Ibra miezi baada ya kuzikwa. Nakumbuka barua, nakumbuka khitma. Alikuwa hajamwona tena.

"Alikasirika?" nikamwuliza Eka. "Au alishindwa kumuaga?"

Eka akamwuliza. Mama akafikiri, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema, akija atamwuliza."

Akaendelea kusimulia, sasa bila ya kuulizwa. Ghala la mahindi lililosimama juu ya miguu ya mbao ili panya wasipande. Msikiti wao wa mbao, ndani umepakwa rangi za maua, ambao serikali ya Kisovieti ya wakati ule iliufanya stoo ya majani makavu. Bibi yake alikuwa akisema anakwenda kuangalia majani, kumbe anakwenda kusali. Nilirikodi yote kwenye simu. Nina umri wa miaka arobaini na tisa, na hiyo saa moja ndiyo yote ninayoijua ya nusu ya asili yangu. Na nimeipata kupitia mdomo wa mgeni.

Kabla Eka hajaondoka Mama alinigeukia. Akanitazama vizuri, kuanzia miguuni, akasema jambo. Eka hakulifasiri. Nikamwambia, "Sema tu, mwanangu."

"Anauliza wewe binti wa nani. Ni swali la vijijini kwetu, si swali baya."

"Mwambie mimi binti wa Guliko."

Akamwambia. Mama akatikisa kichwa, akanipapasa goti kwa huruma, akajibu.

Nilimlazimisha Eka aniambie.

"Anasema, Guliko anamjua. Masikini, alikwenda mbali sana."

Mchana nilimpigia Nasser. Yuko Nizwa, karakana yake iko Firq, nyuma yake nyundo zilikuwa zinapigwa. Nikamwambia, "Nasser, neno 'mama' kwao ni baba. Anamtafuta babake."

"Sema wallahi, Da Salma."

"Wallahi."

Zile nyundo zikawa mbali. Nadhani alitoka nje. "Mimi nilimwambia amekufa mbele ya watoto wangu," akasema. "Nilimwonyesha kaburi kwa mikono." Halafu akasema, "Basi mwambie amekuja. Tumwambie yuko ndani anasali. Itatupunguzia nini?"

"Atataka kumwona."

Tumekaa kwenye simu tunasikilizana pumzi, kitu ambacho hatujakifanya tangu msiba wa Baba.

Jambo lile lile nilikuwa nimeshamwuliza Eka asubuhi pale mlangoni, akivaa viatu. Nimjibu nini alasiri? Nikisema amekufa namwumiza, nikisema amekuja namdanganya. Eka akafikiri, akanifundisha maneno mawili: "Jer ara." Bado. Tumeyarudia kama mara kumi pale kwenye jua, na jirani anatutazama.

Alasiri imefika. Mama amejitanda ushungi, ametoka, amekaa kibarazani. Nilikuwa na hofu kama ya mtihani. Akaniuliza, "Mama movida?"

"Jer ara," nikamwambia.

Akanigeukia. Kwa muda nilidhani nimekosea. Kumbe nimekosea kweli, kwa sababu ameyarudia yeye, polepole, akiivuta ile r ya mwisho na kunitazama midomo, kama anavyofundishwa mtoto. Nikarudia. Akaridhika. Hakulia. Akasogea akanipisha nafasi, maana aliona na mimi nangoja.

Tumekaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Gari mbili tatu zimepita. Kila moja ilipopunguza mwendo, Mama alinyoosha shingo, na mwisho na mimi nikawa nanyoosha.

Ameshalala. Mimi siwezi kuomba radhi kwa lugha ambayo angeifahamu, na hata ningeweza, angeniuliza ni ya nini. Pasipoti yake nimeitoa kabatini, nimeitazama, nimeirudisha. Daktari ameshasema hawezi safari. Kile kilima cha kijijini kwao hatutakipanda sote wawili.

Eka atakuja tena Jumanne ijayo. La kwanza nitakalomwomba anifundishe ni kumwuliza Mama babake yukoje: mrefu, mfupi, ana ndevu, anavaa nini kichwani. Mtu nitakuwa namngojea kila siku, na hata sura yake siijui.