Mguu wa Tatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na masikio yako bado yanasikia yale yanayotaka kusikia tu. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho mimi nilikuuliza habari za afya, wewe ukanijibu habari za bomba la maji, tukaagana kila mtu ameridhika. Afadhali kuandika. Mimi huku sijambo. Kazi ipo, miwani za watu hazijaacha kuvunjika, na goti linanisalimia kila asubuhi kabla sijasalimiwa na binadamu.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, na nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Umesema mwisho wa mwezi huu unahamia kwa kaka na nyumba inaingia wapangaji. Umesema vitu vya Mama umevitoa kabatini na kuvipanga juu ya kitanda, ili nije nichague mwenyewe kabla havijafungwa kwenye maboksi. Kisha pembeni, kwa mwandiko mdogo, ukaongeza kwamba kama kruzi ya gari bado haijapona nisijisumbue, goti ni goti. Yale maneno ya pembeni ndiyo yaliyoninyima raha.

Basi kruzi imepona, Baba. Nimebadilisha swichi yake mwenyewe, Jumamosi iliyopita, hapa hapa uani.

Utakumbuka siku uliponikabidhi hili gari, macho yako yalipoanza kugombana na barabara. Ulinionyesha kruzi, ile swichi ya kwenye usukani inayolifanya gari lishike mwendo lenyewe, ukasema ni kitu cha wavivu, kwamba wewe umeendesha basi la shule miaka thelathini kwa miguu miwili tu. Nilipoanguka kwenye ngazi za dukani na goti likavunjika, ukageuza kauli bila haya, ukaanza kuiita mguu wa tatu. Ulisema kweli. Kuja kwako ni mwendo wa saa saba, na mimi nikikanyaga mafuta nusu saa tu goti linakaza kama bawaba yenye kutu. Kwa hiyo kijiti cha swichi kilipokatika mwaka jana nikakuandikia kwamba sitaweza kuja mpaka ipatikane nyingine, nawe ukanielewa. Wewe hunielewa upesi mno.

Jumamosi hiyo alikuja kunisaidia jirani yangu, fundi wa majokofu, au tuseme alikuja kunisimamia. Ananiita Daktari kwa sababu nakata vioo vya miwani. Alifika na bisibisi mkononi, akitaka kufungua usukani palepale. Nikamkatalia. Nilikuwa na karatasi ya maelekezo, na karatasi ilisema kwanza uondoe waya wa betri, kisha ukae unywe kikombe kizima cha chai bila haraka, maana chini ya kifuniko cha honi kuna ule mfuko unaojaa hewa gari likigonga, na mfuko huo hauna utani na mtu. Jirani akasema yeye amechezea umeme tangu mimi sijazaliwa. Nikamwambia ndiyo maana nyusi zake hazijawahi kuota zikalingana. Tukanywa chai.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Skrubu za nyuma ya usukani zina kichwa cha nyota, na bisibisi zangu za miwani zilionekana mbele yake kama njiti za meno, nikaazima ya jirani. Kifuniko kikatoka. Plagi ya njano nikaichomoa kwa vidole viwili, taratibu, kama ninavyoshika kioo ambacho mwenyewe anakuja kukichukua leo. Swichi yenyewe imeshikwa na skrubu mbili tu. Ile mbovu ikatoka na shingo yake iliyovunjika, mpya ikakaa mahali pake bila kubishana.

Kosa nililifanya mwishoni, na ni kosa la kazi yangu. Sisi wa miwani hatukazi skrubu mpaka mwisho, ukikaza kioo kinapasuka. Nami nikazungusha skrubu zote zikagusa, nikaacha. Nikatoa gari kwa madaha. Kona ya kwanza kifuniko kikacheza na honi ikaanza kulia yenyewe, ndefu, bila kukoma, mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akaniuliza kama nimefiwa au nimeoa. Nilirudi nikiwa nimeinamisha kichwa. Jirani alikuwa ameegemea ukuta, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Daktari," akaniambia, "hili ni gari, si miwani. Kaza mpaka utoe jasho."

Nikakaza.

Jumapili nikaenda kuijaribu kwenye barabara kuu. Nilipofikia mwendo unaotakiwa nikabonyeza, nikatoa mguu. Gari halikupungua. Likaendelea kwenda, tulivu, nami nikaunyoosha mguu kwa mara ya kwanza katika barabara ile tangu mwaka jana, nikaanza kulia. Sikulia kwa maumivu. Ni kwamba sikuwa na kazi ya kufanya tena ila kutazama mbele, na mbele ni kwenu. Nilikusudia kwenda dakika kumi tu. Nikaenda saa mbili. Nikafika kwenye lile daraja ambapo ulikuwa unasimama kila safari kupiga matairi teke, na Mama analalamika kwamba ungeyapiga nyumbani. Nikaegesha pembeni. Goti lilikuwa zima kabisa, ningeweza kufika. Nikageuza gari nikarudi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha na kalamu tangu asubuhi.

Swichi hii sikuinunua, Baba. Ni ile uliyonitumia wewe. Miezi minane iliyopita ulikwenda kwenye yadi ya magari yaliyokufa, na macho yako hayo, ukaitoa kwa kupapasa, ukaifunga kwenye kitambaa cha Mama cha jikoni ukanitumia, pamoja na karatasi ya maelekezo. Chai ile ilikuwa amri yako. Nami nikakuandikia kwamba haiingii, plagi zake hazifanani. Nilikudanganya. Sikuijaribu hata mara moja. Niliiweka kwenye droo, chini ya masweta, na kitambaa chake, na kila siku nilijua iko pale.

Nawe ukanijibu ukiniomba radhi. Uliandika kwamba umezeeka, hujui tena kutofautisha swichi na swichi, nikusamehe kwa kunipotezea muda. Dereva wa miaka thelathini ananiomba radhi mimi. Nimeibeba barua ile miezi minane, na hakuna siku haikunichoma. Hukukosea, Baba. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

Utauliza kwa nini. Safari yangu ya mwisho kabla Mama hajafariki, nilikuwa nimeshawasha gari, wewe ukiwa umekwenda kufungua geti. Akaja dirishani akashika kioo. Akaniambia, "Kaa kesho tu, mwanangu. Keshokutwa utaondoka." Nikamwambia kuna vioo vya watu vinanisubiri. Hakukuwa na kioo hata kimoja. Nilitaka tu kulala kitandani kwangu. Akaondoa mkono, akasema haya, safari njema. Wiki ya tatu mkatuma habari. Nikaja mazikoni kwa basi, mguu ukiwa kwenye plasta, maana nilikuwa ndiyo kwanza nimeanguka dukani, na jioni ile ile nikaondoka kwa kusingizia daktari, kwa sababu sikuweza kupatazama pale getini. Swichi ilipovunjika baadaye, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nilipata sababu ambayo hakuna mtu angeihoji.

Nimemkumbuka Mama mpaka nachoka. Nimekukumbuka wewe, hata kukohoa kwako kwa alfajiri ambako tulikuwa tunakusema. Kuja siogopi. Ninachoogopa ni siku ya kuondoka, niwashe gari na asiwepo mtu wa kunizuia.

Njia ya mwongo ni fupi, yangu imeishia darajani. Nimeomba likizo ya wiki mbili na nimepewa. Barua hii naipeleka leo, itakufikia kabla ya Alhamisi, na Alhamisi asubuhi nang'oa nanga. Vitu vya Mama viache kitandani kama vilivyo, tutavitazama wote wawili, na ukitaka kunigombeza nigombeze kwanza tukiwa tumekaa. Kitambaa cha jikoni narudi nacho. Nisalimie kaka na shemeji, waambie wasinipikie kama mgonjwa, na jirani yangu anakusalimu, anasema mtu aliyeandika maelekezo yale ni fundi.

Nina ombi moja tu. Siku nitakapofunga begi, niache niwashe gari. Halafu njoo dirishani uniambie nikae kesho tu. Hata kama utakuwa umenichoka, Baba, niambie hivyo hivyo. Nitazima gari.

Akupendaye na akukumbukaye kila siku,

Kitindamimba wako