Mafungu Manane ya Bwana Harusi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jicho limeamkaje? Najua Mama ndiye anayekusomea, kwa hiyo naye shikamoo yake ipo hapa hapa. Mimi ni mzima wa mwili. Hali ya moyo mtaiona huko mbele.

Kazi niliyoipata baada ya kumaliza shule ni ndogo, lakini naipenda. Kila asubuhi naosha kichwa cha plastiki cha kujaribia mashine ya picha, nakijaza maji polepole mpaka mapovu yaishe, kisha nakifuta. Hapa hospitalini wanakiita Bwana Harusi, kwa kuwa haingii chumbani mpaka aogeshwe. Ndani yake mna nyuzi za chuma katika mafungu manane, kila fungu limebanana kuliko lililotangulia. Mashine inampitishia protoni, chembe ndogo mno zenye umeme, na kompyuta inachora picha ya ndani. Kadiri msomaji wa picha anavyoweza kuhesabu mafungu mengi, ndivyo picha ilivyo safi.

Mhandisi wetu, mama mpole tunayemwita Shangazi, aliniambia protoni haziendi moja kwa moja. Mwilini zinasukumwa kidogo kidogo, kama mtu anayepenya sokoni akigongana mabega na watu. Mashine inajua zilikoingia na zilikotokea upande wa pili. Njia ya katikati inaikisia. Ikikosea, picha inaingia ukungu. Tangu siku hiyo, nikimjaza Bwana Harusi maji, najiona nimo humo ndani, nayumba taratibu, na mbele yangu kuna nuru isiyo na umbo.

Desturi ya hapa ni kwamba anayemwogesha Bwana Harusi hasomi picha yake. Lakini wiki iliyopita walibadili hesabu ya kukisia njia, na msomaji alikuwa anaumwa. Shangazi alihesabu mafungu matano, akasema macho yake yamechakaa kama soli za viatu vyake, akaniita mimi. Nikasema manane. Alicheka kwa furaha, akaniita Mwewe, na daktari akaandika kwamba mashine iko tayari kwa mgonjwa wa kwanza.

Mgonjwa huyo ni wewe, Baba. Picha ya mashine hiyo ndiyo ingewaonyesha madaktari mahali pa kuuchoma uvimbe ulio nyuma ya jicho lako, na mshipa wa fahamu unaoliwezesha jicho kuona uko jirani kabisa.

Mama aliniambia kwamba uliposikia safari imesogezwa mbele wiki tatu, uliilaumu mashine. Usiilaumu. Ni mimi. Sikuyaona mafungu manane. Niliyajua, kwa sababu nayaosha kila siku, na kwa sababu nilitaka sana uje. Nilitazama ukungu, moyo ukanichorea nyuzi.

Juzi nilisimama mlangoni kwa Shangazi mpaka chai yake ikapoa, ndipo nikamwambia. Hakunigombeza. Alileta kichwa kingine nisichokijua, akapiga picha, akaniambia nihesabu. Nikahesabu matano, na baada ya hapo ukungu mtupu. Akampigia daktari simu. Daktari akaisogeza safari yako mpaka hesabu irekebishwe, na amesema jicho lako litastahimili wiki hizo tatu.

Nisamehe, Baba, kwa kukucheleweshea. Mimi nimebakishwa kwenye kuogesha tu, na nimeridhika. Siku utakayoingia, nataka picha yako ionekane wazi hata kwa mtu asiyekujua.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mama akuwekee mto upande usiouma.

Ni mimi,
kitindamimba wako